Handaki la Sutro na Bei ya Kuchelewa

Hotuba kwa wanafunzi wa uhandisi wa madini na wachimbaji wadogo

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na ninyi wachimbaji mlioacha maduara yenu, yaani mashimo yenu ya kuchimbia, kuja kutusikiliza, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie maji migodini. Kipenyo cha bomba na kanuni za pampu sitavigusa: wanafunzi mnavipata darasani, na wenye maduara mnavijua kupitia gharama ya dizeli. Nitazungumzia handaki moja tu. Lilichimbwa Nevada, Marekani, kuanzia 1869 hadi 1878, ili kukausha migodi ya madini ya fedha. Linaitwa Handaki la Sutro, na urefu wake ni futi 20,489, yaani kilomita sita na robo hivi. Kihandisi lilikuwa sahihi, na lilifanya kazi. Lakini lilipofika, migodi liliyokusudiwa kuikausha ilikuwa imeshashuka chini yake. Ndiyo maana nalipenda kuliko mahandaki yaliyofanikiwa moja kwa moja: ukilichunguza vizuri unaona muda wa mradi unapotelea wapi, na unashangaa ni kiasi gani cha muda huo ambacho mwamba hauna hatia nacho.

Tuanze na mahali penyewe. Mwaka 1859 uligunduliwa mshipa mkubwa wa fedha na dhahabu kwenye miteremko ya mlima huko Nevada, ukaitwa Comstock. Mji wa Virginia City ukaota juu yake karibu kwa usiku mmoja. Mshipa ulikuwa mpana na mwamba wake ulikuwa mlaini, unabomoka, kiasi kwamba matimba ya kawaida, yaani magogo ya kuegemeza mwamba, hayakutosha kuuzuia. Mwaka 1860 Mjerumani aitwaye Philip Deidesheimer akabuni namna ya kupanga magogo kama vyumba vya mraba, kimoja juu ya kingine, kujaza nafasi yote iliyochimbwa. Tatizo la mwamba kuporomoka likapata dawa mapema hivyo. Maji hayakuwa mepesi kiasi hicho.

Maji ya Comstock yalikuwa na tabia mbili mbaya. Kwanza, yalijificha nyuma ya kuta za udongo mfinyanzi ndani ya mwamba. Mchimbaji anagonga sururu, ukuta unatoboka, na sehemu ya mgodi inajaa kabla hajafika kwenye ngazi. Pili, yalikuwa ya moto, na kadiri walivyoshuka ndivyo yalivyozidi kuchemka. Chini kabisa maji yaliweza kumbabua mtu ngozi akitumbukia ndani yake. Hewa nayo ilikuwa nzito. Wachimbaji walipewa barafu kwa wingi, wakafanya kazi kwa zamu fupi, wakipumzika karibu na mabomba ya hewa.

Na kuna jambo ambalo ninyi mliowahi kuchimba jirani jirani mtalielewa haraka. Migodi ya Comstock ilipangana kwenye mshipa mmoja, kila kampuni na kipande chake. Kampuni yenye pampu kubwa na shimo refu ilikuwa inavuta maji ya majirani pia. Jirani akizima pampu yake, maji hayapungui, yanakuja kwako. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na sababu ya kumngojea mwenzake atangulie kulipa.

Hapo ndipo anaingia Adolph Sutro. Alizaliwa 1830 mjini Aachen, Ujerumani ya leo, akavuka kwenda Marekani mwaka 1850, akafanya biashara ya tumbaku San Francisco. Hakuwa mhandisi wa madini. Mwaka 1860 alifika Comstock, akatazama namna kila shimo linavyochimbwa kutoka kileleni kwenda chini na kila ndoo ya maji inavyopandishwa kutoka chini kwenda kileleni, akaona kwamba ni ujinga. Mlima ule unaangalia bonde la Mto Carson, na bonde liko chini sana kuliko mji. Ukiwa na pipa limejaa, kuna njia mbili za kulimwaga: uchote kwa juu kikombe baada ya kikombe, au utoboe tundu ubavuni karibu na kitako. Sutro alitaka kutoboa ubavu. Handaki lianzie bondeni karibu na mji wa Dayton, lipande kidogo kidogo, likutane na mshipa kama mita 500 chini ya uso wa ardhi. Maji yatoke yenyewe. Hewa ipite. Mawe yenye madini yasipandishwe juu tena bali yashuke kwa reli hadi kwenye vinu vya kusagia kando ya mto.

Wazo halikuwa jipya, wala yeye hakudai hivyo. Wajerumani walikuwa wakichimba mahandaki ya maji kwa mamia ya miaka katika milima ya Harz na kuzunguka Freiberg, huko Saxony, mji ambao madini yake ya fedha yalianza kuchimbwa mwaka 1168. Kilichonivutia zaidi katika mila yao si uchimbaji, ni sheria. Huko, aliyechimba handaki la kutoa maji alikuwa na haki juu ya migodi aliyoikausha: kila mgodi uliofaidika ulimpa sehemu moja kati ya tisa ya madini yake. Sikilizeni tena: sehemu moja ya tisa. Kwa hiyo mtu aliweza kutumia maisha yake yote kuchimba mwamba usio na hata punje ya fedha, akijua malipo yanamngoja mwisho wa handaki. Sheria ilikuwa imemaliza lile swali la nani aanze kulipa kabla sururu haijainuliwa.

Sutro akajaribu kulihamishia Nevada jambo hilo. Mwaka 1865 bunge la Nevada lilimpa kibali. Mwaka 1866 kampuni za migodi zikatia saini mikataba ya kumlipa dola 2 kwa kila tani ya mawe yenye madini, na Julai mwaka huohuo Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuithibitisha haki hiyo. Kwenye karatasi, kazi ilikuwa imekwisha. Mahesabu yake hayakuwa ya kipuuzi: Comstock ilikuja kutoa madini ya thamani ya zaidi ya dola milioni 300 katika miongo miwili ya kwanza.

Kisha Benki ya California ikageuka.

Benki hii ya San Francisco, chini ya William Ralston, ilikuwa na mtu wake Virginia City aitwaye William Sharon. Sharon alikopesha wenye vinu, akangoja washindwe kulipa, akachukua vinu. Kabla watu hawajashtuka benki ilikuwa na vinu, ilikuwa na usemi katika bodi za migodi, na mwaka 1869 ilianza kujenga reli yake, Virginia and Truckee, ya kuteremsha mawe kwenda kwenye vinu hivyohivyo. Hebu wekeni handaki la Sutro katikati ya picha hiyo. Mawe yatatokea chini, upande mwingine wa mlima, kwenye mji ambao Sutro anataka kuujenga mwenyewe, wenye vinu vyake. Reli itabeba nini? Vinu vitasaga nini? Mwanzoni benki ilimuunga mkono. Ilipopiga hesabu hizo, mlango ukafungwa. Kampuni za migodi zikajitoa. Sutro akazunguka New York, akaenda Ulaya mwaka 1867, akarudi Washington. Kila alipobisha hodi kwa wenye mitaji, barua ya benki ilikuwa imetangulia.

Najua wasimulizi wengi hupenda kumfanya Sutro shujaa na benki shetani. Mimi siendi huko. Benki ililinda uwekezaji wake kama benki yoyote, na Sutro mwenyewe hakuwa anatafuta thawabu: alitaka mrabaha (yale malipo ya kila tani), mji, ardhi, na kushika koo la mlima mzima. Ninachosema ni kwamba, kati ya pande mbili zilizogombana juu ya nani atamiliki njia ya kutokea, hakuna hata moja iliyokuwa ikichota maji kwa mikono yake. Vita vya panzi furaha ya kunguru, na kunguru wa Comstock, yaani maji, aliendelea kupanda futi kwa futi ndani ya mashimo.

Tarehe 7 Aprili 1869 moto ulizuka ndani ya mgodi wa Yellow Jacket. Yale magogo niliyoyasifu sasa hivi, vyumba kwa vyumba vya mbao kavu ndani ya mlima wenye joto, yalikuwa kuni zilizopangwa tayari. Moshi na gesi vikapita kwenye migodi ya jirani, Kentuck na Crown Point, kwa sababu ilikuwa imeunganishwa chini kwa chini. Wachimbaji wasiopungua 35 walikufa. Njia ya kutoka ilikuwa moja tu, juu, kupitia shimo lilelile lililojaa moshi.

Miezi mitano baadaye, Septemba, Sutro alipanda jukwaani katika ukumbi wa Piper pale Virginia City, akazungumza na wachimbaji wenyewe badala ya wenye hisa. Hoja yake ilibadilika. Hakuanza na gharama ya pampu. Aliwaonyesha kwamba handaki lingekuwa mlango wa pili, kwamba waliokufa Yellow Jacket wangeweza kushuka na kutokea bondeni wakiwa hai. Alitumia msiba, ndiyo, na alikuwa na hisa za kuuza. Lakini alichosema kuhusu mlango wa pili kilikuwa kweli, na leo mgodi wa chini ya ardhi usio na njia ya pili ya kutokea hakuna mkaguzi anayestahili mshahara wake atakayeuruhusu. Vyama vya wachimbaji wa Virginia City na Gold Hill vikaahidi dola 50,000 kununua hisa za handaki. Mchimbaji alilipwa dola 4 kwa siku. Tarehe 19 Oktoba 1869 sururu ya kwanza ikapigwa.

Pigeni hesabu. Wazo 1860, sururu ya kwanza 1869. Miaka tisa. Uchimbaji wenyewe, 1869 hadi 1878, nao miaka tisa. Nusu ya umri wa mradi iliishia kwenye makaratasi na mabarazani. Na hata ile nusu ya pili haikuwa yote ya mwamba, maana miaka ya mwanzo walichimba kwa mkono, wachache, kwa pesa za kuokoteza. Tume iliyoundwa kwa agizo la Bunge la Marekani ikaja kuchunguza, ikasema handaki linawezekana lakini kwa kutoa maji si la lazima sana, pampu zinatosha. Ripoti ya namna hiyo mwekezaji akiisoma, anafunga mkoba.

Mtaji mkubwa ulitoka London hatimaye, kwa benki ya ndugu McCalmont. Mwaka 1874 zikaletwa mashine za kutoboa miamba za Burleigh, zinazoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, na ghafla handaki likaanza kutembea karibu mita 100 kwa mwezi. Kwa mwendo huo, kilomita sita ni kazi ya miaka mitano na ushee. Mtu anajiuliza: kama pesa na mashine zingekutana mapema?

Usidhani hata hivyo kwamba mwamba ulikuwa mpole. Walipanga mashimo manne ya wima kwenye mstari wa handaki, ili wapate hewa na sehemu zaidi za kuchimbia. Mawili yalikamilika. Mawili yaliachwa, na sababu ni maji: mashimo ya kusaidia kujenga handaki la kutolea maji yalishindwa na maji. Udongo mfinyanzi ulivimba ukavunja matimba kama vijiti. Walipokaribia mshipa, joto mbele ya handaki lilipita nyuzi 40 za Selsiasi. Nyumbu wa kuvuta mabehewa (nyumbu mtoto wa punda na farasi, si hawa wetu wa Serengeti) waligoma kwenda mbele. Waling'ang'ania mdomo wa bomba la hewa na kuwatoa pale ilikuwa ugomvi. Watu waliendelea baada ya wanyama kukataa. Wanafunzi wangu wakisikia hivyo hucheka. Mimi huwaambia nyumbu hakuwa na familia ya kulisha.

Usiku wa tarehe 8 Julai 1878 ukapatikana mtobozano, yaani handaki lilitoboa na kukutana na mgodi wa Savage, futi 1,640 chini ya ardhi. Hewa ya moto ikavuma kwa nguvu kupitia tundu. Sutro mwenyewe alikuwepo, akajipenyeza kuingia Savage.

Sasa, wakati wa miaka hiyo kumi na minane, juu kulitokea nini? Mwaka 1873 kampuni moja upande wa Virginia City ilikutana na mfuko wa madini tajiri ajabu; ukachimbwa na kupandishwa juu, na kufikia 1878 sehemu kubwa ilikuwa imeshakwenda. Ina maana yale mawe ambayo yangelipa mrabaha wa dola 2 kwa tani yalitoka kwa mlango wa zamani kabla mlango mpya haujafunguliwa. Benki ya California ilifunga milango Agosti 1875, na siku iliyofuata Ralston akakutwa amekufa majini katika ghuba ya San Francisco. Sharon alikuwa seneta. Na migodi kadhaa ilikuwa imeshapita futi 2,000 kwenda chini.

Handaki haliwezi kufuata mgodi. Pampu unaishusha, bomba unaliongeza; handaki likishachimbwa liko pale lilipo milele. Lile la Sutro lilibuniwa kwa mgodi wa 1860, mgodi wa kina kifupi bado, ambao ungekutana nalo ukiwa njiani kushuka. Mgodi wa 1878 ulilisubiri likaja kupita juu ya kichwa chake.

Hata hivyo halikuwa bure, na hapa natofautiana na wanaolicheka. Mapema 1879 maji yalifurika katika migodi ya katikati ya mshipa, na kampuni zikayasukumia ndani ya handaki la mtu ambaye zilikuwa hazitaki kumlipa. Sutro akatishia kujenga ukuta kuziba handaki na kuwarudishia maji yao. Ghafla watu wakapata muda wa mazungumzo. Mrabaha ukapunguzwa hadi dola 1 kwa tani kwa mawe ya thamani ndogo, ule wa dola 2 ukabaki kwa mawe tajiri, na maji yakaanza kutiririka rasmi katika mfereji wa mbao uliofunikwa ili mvuke usiwaunguze wafanyakazi.

Yalipita galoni zaidi ya milioni 3 kwa siku, zaidi ya tani 11,000 za maji. Wanafunzi, toeni kalamu. Kupandisha tani 11,000 mita 500 kwa siku moja kunahitaji zaidi ya kilowati 600 mfululizo, usiku na mchana, kabla hujahesabu msuguano na hasara za mashine. Kwa mvuke wa kuni wa wakati ule, katika nchi ambayo misitu ya karibu ilikuwa imeshakatwa! Pampu za chini bado zilihitajika, lakini sasa zilipandisha maji hadi kwenye handaki tu. Nusu ya safari ikafutwa. Shimo lililoitwa Combination lilishuka hadi futi 3,250, karibu kilomita moja, na bila handaki nina shaka kama lingefika hata karibu. Halikukuta madini ya maana huko chini. Mwaka 1886 pampu zake zilizimwa, na maji yakapanda hadi kiwango cha Handaki la Sutro, yakakoma hapo, yakaanza kutoka yenyewe.

Sutro hakuwepo kuona. Aliuza hisa zake kimyakimya muda mfupi baada ya ushindi, bei ikiwa bado nzuri, akarudi San Francisco akanunua eneo kubwa la mchanga magharibi mwa mji, akajenga mabwawa makubwa ya kuogelea, akawa meya 1895 hadi 1897, akafa 1898. Alipouza, alikuwa anajua hesabu za kina cha migodi kuliko mtu yeyote aliye hai. Walionunua hawakujua. Hisa zilianguka vibaya baadaye, na waliozishikilia waliishia mikono mitupu. Mambo mengi nimemsamehe Sutro, hili bado.

Nimalizie na Freiberg, kwa sababu handaki mwenza wa lile la Sutro liko kule na yalikamilika karibu pamoja. Handaki la Rothschönberg lilianza 1844, likakamilika 1877, miaka thelathini na mitatu. Pamoja na matawi yake lina urefu wa kilomita 50 hivi. Lilijengwa kwa mkono wa serikali ya Saxony, halikuwa na ugomvi wa benki, na bado lilichelewa: bei ya fedha duniani ilianza kuporomoka miaka ileile ya 1870, Ujerumani ilipohamia sarafu ya dhahabu. Mwaka 1913 uchimbaji ulisimamishwa, ukafufuliwa baadaye, ukafungwa kabisa 1969. Kwa hiyo msinielewe kwamba serikali ikishika, basi. Tofauti iko kwingine. Handaki la Rothschönberg lina mwenyewe hadi leo. Linakaguliwa na kutengenezwa, kwa sababu likiziba, maji yatapanda ndani ya mahandaki ya zamani yaliyo chini ya mji na mashamba. Na maji yanayotoka humo si safi: yamebeba zinki na kadmiamu kutoka kwenye miamba iliyofunguliwa, yanaingia mto Triebisch na kufika Elbe. Mgodi umekufa zaidi ya nusu karne, na hazina ya umma bado inalipia maji yake.

Kwa hiyo swali langu kwenu, hasa wanafunzi mtakaokuja kuandika mipango ya kufunga migodi, ni la kihasibu tu: katika mpango wako, mstari wa gharama za maji unaishia mwaka gani, na jina la nani limeandikwa mbele yake baada ya mwaka huo?

Mwenyekiti, nimezidisha dakika zangu. Kuna mzee wa machimbo pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja mtobozano. Naomba tuanze na yeye.